Uzi Uliofutwa Pichani

Uzi wenyewe Xeni aliufuta mara tatu kabla hajajua kuwa ni uzi.

Mara ya kwanza ilikuwa siku tisa zilizopita. Aliuona kwenye kompyuta kama mstari mwembamba mweupe unaopita ubavuni mwa mwari, yule ndege mkubwa wa majini, akadhani ni jani la tete lililodaka mwanga. Akapitisha ile brashi ya kufutia, mstari ukapotea, maji yakarudi kuwa maji. Mara ya pili, siku nne baadaye, alifanya vivyo hivyo bila hata kuweka chini kikombe cha kahawa. Mara ya tatu ilikuwa leo, saa nne na nusu asubuhi, kwenye meza yake ya dirishani katika mkahawa wa Despina. Alikuwa amekwisha kuufuta alipojiuliza mbona mstari huu unakaa mahali palepale kila anapokuja ndege huyu.

Tete halimfuati ndege siku tisa.

Jina lake kamili lilikuwa Polyxeni. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na shahada ya biolojia kutoka Thesaloniki. Baridi hii ilikuwa ya pili tangu arudi kijijini kwao, kando ya ziwa la Kerkini, kumfanyia kazi Argyris, mtu aliyeleta wapiga picha kutoka kila upande wa Ulaya. Alfajiri Xeni alitoka na wageni katika mashua ya mjomba wake, Vaios. Mjomba aligonga ndoo, mwari wakaja mbio juu ya maji wakirushiwa samaki, na Xeni akalala kifudifudi kwenye omo, mbele kabisa ya mashua, kamera ikikaribia kugusa maji.

"Shukeni chini," ndivyo alivyozoea kuwaambia wageni. "Ukimpiga picha kutoka juu anakuwa kuku wa uani. Ukishuka usawa wa jicho lake, anakuwa mtu."

Wakirudi, kazi iliyobaki ilikuwa ya mezani. Kata pembeni kila kitu kisichosaidia. Futa uchafu. Halafu rangi: Februari mfuko ulio chini ya mdomo wa mwari huiva kama chungwa na kuelekea wekundu, nawe unaukoleza kidogo tu, ili mtu aliyeko mbali ajue kwamba huku majira ya mapenzi yameanza. Xeni aliifanya kazi hii kwa imani. Aliwahi kumwambia mama yake, akiwa amesimama na sahani mkononi, kwamba mtu akishampenda ndege pichani hataruhusu ziwa lake lifanywe shamba. Mama alimjibu aoshe hiyo sahani kwanza.

Sasa akaifungua picha ghafi ya leo, kama ilivyotoka kwenye kamera, kabla hajaikata.

Picha aliyokuwa ameitengeneza iliishia kifuani. Ile ghafi iliendelea hadi chini, na huko chini kulikuwa na mguu. Ulikuwa umekunjwa, umebanwa tumboni, wala haukuwa ndani ya maji kama mguu wa ndege anayeogelea. Kutoka mguuni ulipanda mstari ule mweupe, umekazwa kama waya wa kuanikia nguo, hadi chini ya bawa.

Akafungua ghafi ya siku tano nyuma. Bawa lilikuwa nusu wazi, nusu limefungwa. Alikumbuka alivyowaonyesha wageni picha hiyo. Aliwaambia tazameni, kama bibi harusi anayeshika pindo la gauni. Akafungua ile ya siku tisa nyuma. Mguu ulikuwa chini, bawa limetanda lote, na uzi ulining'inia legelege ubavuni, umeshikilia mahali pamoja tu. Siku ile mtu angeweza kuutoa kwa mkono mmoja.

Akaziweka picha tatu sambamba. Ilikuwa kama kumtazama mtu akifungwa, polepole, na wewe umekaa hapohapo unamsifia nguo.

Akampigia mjomba.

"Uko wapi, mjomba?"

"Nitakuwa wapi saa hizi? Nyumbani, nakula. Nimelisha ndege mia mbili, sasa ni zamu yangu."

"Kuna mwari amefungwa na uzi wa kuvulia. Mguu na bawa, vyote. Alikuwa kando ya mashua yetu leo asubuhi."

Vaios aliacha kutafuna. "Yupi?"

"Nakutumia picha."

Na kwa kuwa alikuwa na haraka, akatuma iliyokuwa mbele yake, ile aliyokwisha kuikata na kuikoleza. Aliituma kwa mjomba na katika kundi la Viber la watu wa ziwani: wenye mashua, wavuvi, wachunga nyati wa kufugwa. Akaandika: *Nani amemwona huyu? Amefungwa uzi. Tafadhali.*

Majibu yalikuja upesi, na yote hayakufaa kitu. Mmoja aliandika kwamba wa namna hiyo wako mia. Mwingine akasema huyo ni wa kwenye kalenda, huku kwetu hakai. Kisha mjomba mwenyewe akapiga simu.

"Binti, huyu mfuko wake mwekundu kama pilipili. Mimi sijamlisha huyu."

"Umemlisha, mjomba. Leo. Alikuwa hatua mbili kutoka kwako."

"Nakwambia simjui. Ninawajua kuliko shemeji zangu. Huyu simjui."

Hapo ndipo Xeni alipoelewa. Mjomba hakukosea. Ndege aliyemtuma pichani hakuwapo ziwani. Alikuwa amemtengeneza mwenyewe, hapa mezani, kwa kahawa na nia njema.

Akarudi kwenye ile ghafi, akaituma nzima bila kuigusa: maji ya kijivu, kipande cha ndoo, mguu uliokunjwa, na mfuko wa mdomo ambao haukuwa mwekundu hata kidogo. Ulikuwa manjano hafifu, rangi ya pera lililosahaulika kabatini. Wenzake walikuwa wameiva wote. Yeye hakuwa na nguvu ya kuiva.

Dakika nne zilipita. Akajibu Pandelis, mchunga nyati wa upande wa kaskazini.

*Huyo mgonjwa? Mchana anakuja huku kwangu, kwenye miti iliyokufa. Hali chakula na wenzake. Nilidhani ni mzee.*

Xeni akafunga kompyuta, akaikumbatia na kutoka. Huku akitembea alipiga simu ofisi ya hifadhi. Mwanamke aliyepokea alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia ukweli: gari lao lilikuwa Thesaloniki, limempeleka korongo kwa daktari, na lisingefika kabla ya jua kuzama.

"Usiku wa leo ni nyuzi joto sita chini ya sifuri," Xeni alisema.

"Najua. Kama Vaios yupo, na kama ndege atakuja mwenyewe, mshikeni. Ila msimkimbize. Mwari aliyechoka ukimkimbiza moyo unasimama, nawe utabaki umeshika manyoya. Umenielewa? Aje mwenyewe."

Tatizo lililobaki lilikuwa mashua. Saa tisa alasiri ilikuwa ya wageni wanne wa Ubelgiji, waliokuja kwa ajili ya mwanga wa machweo, na Argyris hakuwa mtu wa kubadilisha ratiba. Alimkuta nyumba ya wageni, anakula nao soseji za nyati na kuwachekesha kwa Kifaransa kibovu.

"Bwana Argyris, naomba mashua ya mjomba. Sasa hivi."

Alimsikiliza, akatikisa kichwa kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyempa Xeni kamera ya kwanza, na ni yeye aliyemfundisha kila kitu tangu kushika lenzi.

"Xeni, mwanangu, kila baridi wanakufa mwari kadhaa. Mimi nimewaona kwa miaka ishirini. Ukianza kumlilia mmoja mmoja utahama ziwa hili."

Xeni alisogeza sahani ya mkate, akaweka kompyuta mezani, akaifungua kwenye zile picha tatu. Kando yake akaweka zile alizozitengeneza. Wabelgiji wakaacha kula. Argyris alivaa miwani.

"Hapa palikuwa na uzi," alisema, akiweka kidole kwenye picha iliyosafishwa.

"Ndiyo."

"Nani kaufuta?"

"Mimi."

"Umefuta vizuri. Hata alama haionekani," alisema Argyris. Kisha akakisikia alichosema.

Akavua miwani. Kwa muda alikuwa anatazama ile picha ya siku tisa nyuma, ile ya uzi uliolegea, na Xeni alijua anahesabu asubuhi ambazo yeye mwenyewe alisimama nyuma yake mashuani na asiuone.

"Hawa nitawapeleka kwa gari wakawapige picha flamingo," alisema hatimaye. "Chukua mashua. Ila jua likigusa mlima mnarudi, mmempata au hamjampata. Ziwa hili likianza kuganda kando, linakata mbao."

Ilikuwa saa nane walipofika upande wa kaskazini. Mahali penyewe palikuwa pabaya. Msitu wa zamani ulikuwa umezama humo tangu maji ya ziwa yalipopandishwa, na vigogo vyake vilitokeza majini kwa mamia, vyeupe kwa kinyesi cha ndege waitwao mnandi. Kati yake walikuwamo mwari si chini ya mia, wamekusanyika mafungu mafungu, wamelala.

"Haya, mpiga picha," alisema Vaios. "Yuko wapi mgonjwa wako?"

Xeni alijaribu kama alivyozoea. Alilala kwenye omo, akaweka jicho kwenye lenzi ndefu. Aliona migongo. Mgongo juu ya mgongo, mdomo nyuma ya mdomo, kila ndege akimkinga mwenzake. Chini huku kila picha ingekuwa nzuri, na hakuna ambayo ingemwambia kitu. Dakika kumi, ishirini. Vidole vilianza kufa ganzi.

"Nishushe kwenye tuta la kuzuia maji," alisema.

"Utaona nini toka kule? Si unasema wanakuwa kuku?"

"Nishushe, mjomba."

Tuta lilikuwa na kimo cha kuta mbili za nyumba. Aliupanda mteremko wa nyasi zilizoganda kwa mikono na magoti, akasimama wima. Na kweli, kutoka juu walikuwa kuku. Hawakuwa na macho wala hadhi, walikuwa madoa meupe kwenye maji ya rangi ya risasi. Lakini sasa yalionekana maji yenyewe, na ndani ya maji aliziona njia zao. Ndege aliyehama aliacha mstari nyuma yake, umenyooka. Mwingine hivyo hivyo. Mbali, karibu na kigogo kilichoegama, mmoja alikuwa anaacha duara.

Alizunguka, akapumzika, akazunguka tena. Alitaka kwenda mbele, lakini mwenye mguu mmoja hana mbele.

Xeni alimpigia mjomba, ingawa alimwona pale chini. "Kigogo kilichoegama. Upande wa kulia, kama mita mia tatu. Peke yake."

"Nimekuona unavyoonyesha, sina upofu. Shuka."

Vaios alizima injini mapema, akachukua upondo na kuanza kusukuma, polepole mno, hata Xeni alitaka kumpokonya. Saa kumi kasoro. Jua lilikuwa bado juu ya mlima lakini halikuwa na joto lolote, na kwenye matete ya kando maji yalikuwa yamekwisha kuingia utando, kama maziwa yanayopoa.

"Usiku hapa patashika," Vaios alisema kwa sauti ya chini. "Wenzake wataruka waende katikati. Yeye ataamka yumo ndani kama cherehani kwenye meza yake."

"Gonga ndoo basi."

"Nikigonga wanakuja wote mia."

"Na usipogonga?"

"Hatajua kama tumekuja kumlisha au kumla."

Ndoo ilikuwa na samaki saba, mabaki ya asubuhi. Vaios aliitazama, akafikiri. Kisha, badala ya kugonga, akaikwaruza kwa kucha ukingoni. Sauti ndogo sana. Ndege wa kando ya kigogo akainua kichwa.

Wakasikia pia wengine wawili. Walikuja moja kwa moja, dume kubwa mbele na jike nyuma, vifua vimevimba, na yule mgonjwa, aliyekuwa ameanza kujivuta kuelekea mashua, akageuka upande. Alikuwa amezoea kusukumwa.

"Watupie mbali," alisema Vaios.

Xeni akarusha samaki nyuma ya mashua kwa nguvu zake zote. Dume likaruka juu ya jike na wote wakaenda. Wakabaki samaki sita. Likarudi. Tano. Akarusha mbali zaidi, bega likamuuma, na safari hii wakabaki hukohuko wakigombana. Nne.

"Sasa lala chini," alisema Vaios. "Kama asubuhi. Ukisimama hakujui."

Alilala. Omo ilikuwa na barafu na baridi ikapita kwenye koti hadi tumboni. Akashika samaki mkiani, mkono ukiwa juu tu ya maji, na kwa mara ya kwanza alikuwa pale bila kioo chochote mbele ya jicho lake. Mwari alikuja akijipinda. Kila akisukuma mguu mmoja alizungushwa, na kila akizungushwa alijirekebisha kwa shingo. Mita nne. Manyoya ya kishungi yalikuwa yameshikana kwa uchafu. Mita mbili. Jicho lilikuwa la kijivu na lilimtazama yeye, wala halikumtazama samaki.

"Usimtupie," Vaios alinong'ona. "Ukimtupia atachukua na kwenda zake."

Mdomo ulifunguka. Xeni aliachia samaki na kushika mdomo kwa mkono uleule, wa pili ukafuata, na maji yote yakawa juu yake. Ndege alikuwa mkubwa kuliko alivyojua. Kwa miezi yote hii alikuwa amempima kwa upana wa picha. Bawa moja lililobaki huru lilimpiga sikioni, la pili lilijaribu na halikuweza, na yeye akawa anavutwa kwenda majini mpaka Vaios aliposhika mkanda wa suruali yake kwa mkono mmoja na mwili wa ndege kwa mwingine.

"Usiufunge mdomo kabisa," alisema Vaios. "Anapumulia humo. Acha nafasi ya kidole. Hivyo. Mfunike blanketi usoni."

Walimpakia. Alikuwa mwepesi. Hilo ndilo lililomtisha Xeni zaidi ya kipigo: mfupa na manyoya, mwepesi kama kikapu kitupu. Uzi ulikuwa umeingia mguuni hadi ndani ya nyama. Vaios akaukata hapo kwa koleo, taratibu, na mguu ukashuka wenyewe, ukiwa mweusi pembeni. Halafu akaukata kwenye bawa, akaichomoa ndoano yenye kutu, ndogo kuliko kucha ya mtoto.

"Basi. Mwachie."

"Bado, mjomba. Kuna mahali pa tatu."

"Wapi? Nimekata kote. Angalia anavyohema, atakufia mikononi."

Kweli, kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa kasi ya ajabu, na shingo ilikuwa imeanza kulegea juu ya mkono wake. Xeni alifumba macho ili aione ile picha. Njiani, wakati Vaios anaendesha, alikuwa ameifungua tena kompyuta magotini na kufanya kinyume cha alivyofundishwa. Alinyonya rangi yote hadi picha ikawa ya kijivu. Alifungua vivuli mpaka vikawa vibaya, vyenye chengachenga. Alikaza tofauti ya weusi na weupe mahali ambapo hakuna mtu angetaka kutazama, na hapo, kwenye shina la shingo, manyoya yaliyopaswa kulala sawa yalikuwa na bonde jembamba, kama alama ya soksi mguuni. Picha ile mtu yeyote angeitupa.

"Shingoni," alisema. "Chini, upande wa kushoto. Kuna kitu kimembana."

"Sioni kitu."

"Huwezi kukiona. Shika mdomo, nipe koleo."

"Xeni."

"Nipe, mjomba. Tukimwachia nacho hawezi kumeza. Ndiyo maana ni mwepesi hivi."

Vaios alimtazama mpwa wake, akamtazama ndege, akashika mdomo.

Alivua glavu na kuingiza vidole kwenye manyoya. Vilikuwa vimekufa kwa baridi, havikuhisi chochote. Akavitia kinywani, akavipasha, akaingiza tena. Manyoya. Joto la ngozi. Moyo wa ndege ukidunda mahali pasipo mahali pake, kila mahali. Akasogeza kidole chini, upana wa ukucha, na tena. Kifua cha ndege kikasita, kikakaa bila kupanda, na Vaios akasema jina la Mama wa Mungu taratibu. Kisha kikapanda.

Hapo akaupata. Uzi mwembamba kama unywele, umezunguka shingo yote, umezama ndani. Hakuweza kupitisha koleo chini yake bila kumkata. Akabonyeza ngozi kwa kidole gumba, ikaachia nafasi ya wembamba wa karatasi, akaingiza ncha na kufinya. Kulisikika mlio mdogo sana. Uzi ulipotoka ulikuwa mrefu kama mkono wake, na vipande vingine viliendelea kufuata.

"Sasa," alisema.

Walimshusha wote wawili, kwa blanketi, upande usio na upepo. Mwari alibaki pale walipomwacha, kama boya. Kichwa kilikuwa chini, mdomo umelala majini. Jua lilikuwa limegusa mlima.

Xeni alirusha samaki karibu na mdomo. Samaki akazama. Vaios akatazama matete, ambako ule utando ulikuwa umesogea hatua kadhaa kuja kwao, kisha akatazama injini, lakini hakuigusa.

"Bosi wako alisema jua likigusa mlima," alikumbusha baada ya muda.

"Nimesikia."

"Nakwambia tu. Asije akanikasirikia mimi."

Ndege alijitikisa. Ilikuwa mtikiso mdogo, wa mkiani. Ukapanda mgongoni hadi shingoni, manyoya yote yakasimama na kulala upya, na kile kishungi kilichoshikana kikatawanyika. Akafungua bawa zima. Akafungua la pili, likafika nusu, likatetemeka, likarudi. Alijaribu tena na likapita nusu kidogo.

Xeni alisimama mashuani, miguu imepanuliwa ili asianguke, akatoa simu mfukoni mwa koti. Alimpiga picha kutoka juu, na mwanga mbovu, na ubao wa mashua na mkono wa mjomba vikiwamo, na jeraha la mguu likionekana ndani ya maji. Akaituma vilevile kwa mwanamke wa hifadhi na kwa kundi la ziwani, na kuandika: *Bawa la kushoto, mguu wa kulia, shingo. Mfuko wa manjano. Mkimwona kesho au msipomwona, niambieni.*

"Mbaya hiyo," alisema Vaios, aliyekuwa akichungulia begani kwake.

"Ndiyo."

"Lakini ni yeye."

Walibaki na samaki wawili. Xeni aliinama na kumweka mmoja majini, bila kurusha. Mwari alimtazama kwa muda mrefu kwa lile jicho la kijivu. Kisha akasukuma maji, na mguu wa pili, ule uliokuwa mweusi pembeni, ukasukuma pia, dhaifu, ukikosea mdundo. Alikuja mbele kwa kuyumba, lakini alikuja mbele. Alichota samaki pamoja na maji mengi, akainua mdomo juu, na wote wawili wakaitazama shingo yake. Uvimbe mdogo ulishuka, ukafika pale palipokuwa na bonde, ukasimama.

Ukapita.

Vaios akashusha pumzi kama mtu aliyekuwa chini ya maji. "Mpe na huyo mwingine," alisema, "kabla lile dume halijaja."